Mafuta ya moteri yakipanda bei: namna ya kutunza gari na pikipiki mjini Goma

Katika mwongozo huu, ninaposema mafuta ninamaanisha mafuta ya moteri, yale tunayobadilisha wakati wa vidanji, yaani kumwaga ya zamani na kutia mapya, wala si esansi (petroli) wala mazuti (dizeli). Ninatangulia kulisema hilo kwa sababu mjini Goma mazungumzo ya bei huishia kwenye esansi, ambayo mtu huinunua kila siku na kuiona bei yake ikipanda na kushuka kwa kadafi, muuza esansi wa kwenye kona, ilhali mafuta ya moteri hununuliwa mara moja kwa wiki kadhaa na kupanda kwake hugunduliwa fundi akiwa amekwisha kufungua buloni ya karteri, yaani bolti ya kumwagia iliyo kwenye bakuli la mafuta chini ya moteri, na mafuta ya zamani yamejaa kwenye beseni. Hapo mwenye gari hana tena la kuchagua. Atachukua kilichopo dukani, kwa bei atakayotajiwa, na mara nyingi atamtuma kijana wa garaji akamnunulie bila yeye mwenyewe kuliona bidoni, yaani dumu la mafuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni jepesi na halina gharama: usikubali buloni ifunguliwe kabla mafuta mapya hayajawa mkononi mwako, umeyasoma, na umehakikisha kuwa yanatosha. Toyota ndogo zenye moteri ya 1NZ-FE, ambazo zimejaa mjini kuanzia Katindo hadi Ndosho, huchukua takribani lita 3.7 pamoja na chujio. Land Cruiser ya mazuti yenye moteri ya 1HZ huhitaji lita 9 au zaidi. Pikipiki nyingi za teksi hutosheka na lita moja au zaidi kidogo. Mwenye kujua kiasi cha chombo chake hauziwi lita 5 mahali pa 4, wala hadanganywi kwamba lita iliyobaki “imeingia yote”.

Kwa nini huadimika

Goma haina kiwanda cha mafuta haya. Yanafika kutoka bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam, yanavuka Uganda au Rwanda, kisha yanaingia kupitia Bunagana au mpaka wa Gisenyi, na kila kituo cha njia hiyo kina ushuru wake, lori lake na siku zake za kungoja. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, wafanyabiashara wamelazimika pia kuhangaikia fedha taslimu za kuagizia mzigo, na gharama ya mahangaiko hayo hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Ipo sababu nyingine iliyo mbali zaidi, na hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wako. Mafuta mepesi ya kisasa, kama 0W-20 na 5W-30, hutengenezwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mafuta ya msingi yaliyosafishwa sana, yale yanayoitwa ya kundi la III, na sehemu kubwa ya hayo hutoka Qatar, Bahrain na Abu Dhabi, ambako meli hupita katika mlango wa bahari wa Hormuz. Mlango huo ukitikisika, mafuta mepesi ndiyo hutangulia kupanda na kuadimika. Mafuta mazito kidogo, kama 15W-40 na 20W-50, yanaweza kutengenezwa kwa mafuta ya msingi ya kawaida ambayo viwanda vingi duniani huyatoa, na ndiyo maana hata katika miezi migumu huyakosi kabisa katika maduka ya Birere.

Basi swali la mtu wa Goma si “nitapata wapi 5W-30?” bali ni “je, moteri yangu inaikubali 15W-40?” Jibu limo katika kitabu cha gari, kwenye mchoro unaolinganisha unene wa mafuta na joto la mahali. Namba inayotangulia herufi W inaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka kwenye baridi, na ile ya pili inaeleza unene wake moteri ikiwa imepata moto. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, usiku wetu una ubaridi lakini hauna barafu, kwa hiyo 0W na 5W, zilizobuniwa kwa asubuhi za theluji, hazitupi faida kubwa wakati wa kuwasha. Magari mengi ya miaka ya nyuma yanaruhusu zaidi ya unene mmoja. Magari mapya, hasa ya mseto wa betri na esansi, yana njia nyembamba za mafuta na hayapendi kubadilishiwa. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kutafuta mafuta yake na kununua akiba mapema, na bei atailipa.

Kusoma bidoni

Watu husoma unene wakaacha herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya mafuta, ambazo kwangu ni muhimu zaidi. Herufi S ni ya moteri za esansi na C ni ya moteri za mazuti. Baada ya S, kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo mafuta yalivyo ya kizazi kipya: SJ, SL, SM, SN na SP zote zinafaa, na ya mbele huweza kuchukua nafasi ya ya nyuma. Kuanzia SA hadi SH, API yenyewe imezitangaza kuwa zimepitwa na wakati, lakini mabidoni ya SF bado yanauzwa, mara nyingi yakiwa na picha ya gari jipya la kupendeza. Kwa mazuti, tafuta CH-4 au CI-4 na kuendelea. Ukikuta bidoni limeandikwa CI-4/SL, hilo linaweza kutumika kwa moteri za mazuti na za esansi za kizazi hicho, jambo linalomfaa sana mwenye Land Cruiser na gari dogo katika uwanja mmoja.

Pikipiki zina sharti lao. Klachi yake huogelea katika mafuta yaleyale ya moteri, kwa hiyo mafuta yaliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari liokoe esansi huifanya iteleze: unaongeza gesi kwenye mlima, moteri inalia, pikipiki haiendi. Mafuta ya pikipiki yana alama ya JASO, kipimo cha Kijapani, ya MA au MA2. Yakikosekana kabisa, 15W-40 ya moteri za mazuti isiyo na maandishi ya kuokoa nishati chini ya duara la API inaweza kukuvusha wiki kadhaa, lakini 5W-30 ya gari dogo isiingie humo. JASO MB pia si yake, kwa kuwa ni ya skuta zenye klachi kavu.

Na mtu asikudanganye kwa namba. Mafuta ya gia yaliyoandikwa 90 si “mazito kuliko 50”. Vipimo hivyo viwili ni vya mizani tofauti, na mafuta ya gia ya 90 yanakaribiana unene na mafuta ya moteri ya 40 au 50, ila dawa zake hazikukusudiwa kukaa ndani ya moteri. Vivyo hivyo mafuta ya gia za otomatiki, ya hidroliki, ya breki, na, samahani kulitaja, ya kupikia.

Lita inayopotea njiani

Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana mafuta ya bei nafuu kuliko yote ni yale ambayo tayari yamo ndani ya moteri yako. Chukua tone dogo moja linalodondoka kila mita 20. Kwa kilomita 1,000 hayo ni matone 50,000, na hata ukihesabu matone 50 kwa mililita moja, umemwaga lita nzima barabarani. Mtu anayelalamikia bei ya lita moja huku akiliacha tone hilo ameshajipandishia bei mwenyewe.

Lala asubuhi chini ya gari kabla hujaliwasha, ukiwa umetandika boksi la katoni tangu jioni. Doa likiwa chini ya buloni ya kumwagia, kosa mara nyingi ni ringi ya shaba au ya aluminiamu ambayo fundi ameirudisha mara ya tano badala ya kuweka mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko glasi ya mafuta inayopotea. Doa likiwa upande wa chujio, huenda ringi ya mpira ya chujio la zamani ilibaki imenata na mpya ikafungwa juu yake. Mafuta yakiwa yameloanisha ubavu wa moteri kutoka juu, jointi ya kifuniko cha valvu imekauka. Goma ina ugonjwa wake wa pekee: mawe ya lava. Katika mitaa isiyo na lami, meno ya jiwe jeusi yanasimama katikati ya njia, na gari lililopakiwa likishuka kwenye shimo hugonga karteri. Nimeona karteri iliyobonyezwa kiasi cha kukaribia bomba la kunyonyea mafuta. Haikuvuja hata tone, lakini moteri ilikuwa ikikosa mafuta kwenye mteremko. Bati la kukinga karteri, likikatwa na kuchomelewa na fundi wa vyuma wa mtaani, ni matumizi ninayoyaweka mbele ya redio na rimu.

Kama hakuna doa chini na kijiti cha kupimia bado kinashuka, moteri inakula mafuta. Vitabu vya Toyota hukubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho kwa mfuko wetu ni kikubwa, lakini kinatuonyesha kwamba kula kidogo hakumaanishi moteri imekufa. Angalia moshi wa bluu. Ukitoka kwa sekunde chache tu unapowasha asubuhi, mipira ya valvu imechoka. Ukitoka unapokanyaga kwa nguvu, shuku pete za pistoni. Kabla ya kukubali moteri ifunguliwe, mwambie fundi asafishe au abadilishe valvu ndogo ya kurudisha hewa ya karteri, ile inayotikisika ukiipiga kidole. Ikiziba, hewa inasukuma mafuta nje kwenye majointi na ndani kwenye njia ya hewa, na mtu huweza kuuziwa moteri ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, kwa kosa la kitu kinachoenea kiganjani. Kuhama kutoka 5W-30 kwenda 15W-40, kama kitabu kinaruhusu, nako hupunguza ulaji katika moteri iliyochakaa.

Pima kila Jumamosi kwa gari, na kila asubuhi kwa pikipiki, kwa maana upungufu wa mililita 300 katika Land Cruiser hauhisiki lakini katika pikipiki ya lita moja ni karibu theluthi. Wengi hungoja taa nyekundu. Taa hiyo haipimi wingi wa mafuta, inapima msukumo, na ikiwaka unaposafiri maana yake vyuma vimeanza kusagana: zima moteri papo hapo, hata kama uko katikati ya rond-point na wanakupigia honi.

Vumbi

Nitapita haraka. Vumbi letu limetokana na lava iliyosagwa, ni kali kama msasa, na linaingia kwenye mafuta kupitia njia ya hewa. Chujio la hewa la karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo usio mkali, wala lisioshwe kwa maji. La sifongo lioshwe kwa sabuni, likaushwe vizuri, lipakwe mafuta kidogo na kukamuliwa. Kuondoa chujio “ili moteri ipumue” ni kuinunulia moteri kifo kwa fedha zako mwenyewe. Chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, peke yake ndiyo inayoweza kupita Goma bila chujio.

Vidanji vifanywe lini

Toyota hushauri, kwa matumizi magumu, kubadilisha mafuta kila kilomita 5,000, na matumizi magumu ni vumbi, mizigo, safari fupi na foleni, yaani maisha yetu ya kila siku. Sipendekezi kuvuka kiasi hicho kwa kubahatisha. Lakini wapo wanaomwaga kila kilomita 2,000 kwa sababu mafuta “yamekuwa meusi”, na hao wanatupa fedha; mafuta ya moteri ya mazuti huwa meusi siku ya kwanza, na weusi ni dalili kwamba yanabeba uchafu badala ya kuuacha ugande. Dereva wa teksi ya pikipiki asihesabu wiki bali kilomita: anayekwenda kilomita 120 kwa siku anatimiza 3,600 kwa siku 30, safari ambayo mwenye gari la kwenda kanisani huimaliza kwa miezi mingi. Kama mita ya kilomita imekufa, itengenezeni kwanza, kwa kuwa bila hiyo mwenye pikipiki na dereva watabishana daima.

Kipo kipimo cha tone ambacho nimekizoea. Moteri ikiwa na joto, chovya kijiti na udondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kisha iache karatasi imelala bila kugusa meza kwa saa kadhaa. Nilipoonyesha karatasi yangu ya kwanza, fundi aliitazama mwangani akasema: “Papa, haya bado yanafanya kazi, ongeza nusu lita uende.” Alikuwa ameona doa la kijivu lililosambaa taratibu hadi pembeni. Doa likiwa na kiini cheusi tii chenye ukingo mkali na nje yake hakuna kitu, mafuta yameshindwa kubeba uchafu na yamwagwe. Utepe mwepesi mpana wa nje wenye harufu ya esansi unaonyesha kwamba esansi inaingia kwenye karteri. Kwa maji, dondosha tone kwenye sahani ya chuma yenye moto: likipasukapasuka kama kitunguu kwenye kikaango, kuna maji. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya kilomita. Kinakusaidia kuamua katika wiki ambayo mafuta hayapatikani.

Na katika wiki hiyo, ukishindwa kupata lita zote 4, badilisha chujio na ongeza lita moja mpya. Si vidanji kamili, lakini ni bora kuliko kuacha vyote. Kuchanganya chapa mbili za daraja moja la API hakuharibu moteri, kwa kuwa mafuta yenye kibali hicho hutakiwa kuchanganyika.

Mafuta ya bandia

Niliwahi kununua bidoni la lita 4 kwa bei iliyonifurahisha, na furaha hiyo ingepaswa kunishtua. Kifuniko kilikuwa na pete yake, lebo ilikuwa safi. Baada ya wiki tatu taa nyekundu ilianza kupepesa moteri ikiwa na moto, gari likiwa limesimama. Tulipomwaga, mafuta yalitoka kama chai, mepesi, yenye harufu ya kuungua, na nilipolirudia bidoni tupu nikaona chini ya ukingo wa lebo alama ya gundi ya lebo nyingine. Yalikuwa mafuta ya zamani yaliyochujwa. Tangu siku hiyo natazama kama namba ya toleo kwenye plastiki inalingana na ile ya katoni, nafungua dukani mbele ya muuzaji, nanusa, nasugua tone kati ya vidole, na mabidoni matupu yenye chapa nayatoboa kwa bisibisi kabla ya kuyatupa, maana hayo ndiyo malighafi ya watu hao.

Pipa moja kwa watu wengi

Njia iliyonisaidia zaidi ni ile ambayo mama zetu wa sokoni wanaijua kitambo. Likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha, ya watu kumi na kitu, wenye pikipiki na magari ya umri unaokaribiana, inaweza kununua pipa la takribani lita 200 la 15W-40, na bei ya lita katika pipa kwa kawaida ni ya chini kuliko ya bidoni. Wekeni daftari, pampu ya mkono, na kipimo kimoja ambacho hakitumiki kwa esansi. Pipa likae ndani. Likilazimika kukaa nje, lilazwe ubavu na vifuniko vyake viwili viwe kwenye usawa wa saa tisa na saa tatu, kwa sababu pipa lililosimama hukusanya mvua juu ya kifuniko, na usiku likipoa hunyonya maji hayo ndani hata kama kifuniko kimekazwa. Kwa mvua za Goma, hilo si jambo la nadharia.

Gharama nyingine, kwa ufupi

Usijaze rejeta kwa maji ya ziwa. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi na chokaa nyingi, na moto wa moteri huyageuza kuwa ganda ndani ya njia. Moteri ikipata joto la kupita kiasi, nayo mafuta yanaungua. Tumia kipozaji, au angalau maji ya betri yasiyo na asidi. Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi. Pedi za breki zitazamwe kabla hazijafika kwenye chuma, kwa kuwa diski ni ghali kuliko pedi. Na vipuri vya okazioni, ukilazimika kuvinunua, viwe vile unavyoweza kuvikagua kwa macho, kama mlango, taa au kioo. Pampu ya mafuta ya okazioni ni bahati nasibu.

Mafuta yaliyotumika

Lava ya Goma inanyonya kila kinachomwagwa juu yake, ndiyo maana mvua kubwa inanyesha na hatuoni mito, na maji hayo yanateremka kuelekea ziwa lilelile ambalo mabidoni ya njano hujazwa asubuhi. Kwa hiyo mafuta ya vidanji yasimwagwe nyuma ya garaji. Yakusanye kwenye bidoni lenye kifuniko lililoandikwa waziwazi, mbali na watoto. Mafundi ujenzi huyachukua kupaka mbao za kumwagia zege zisinate, na wenye misumeno ya mnyororo huyatumia kwenye upanga wa msumeno. Kwenye mnyororo wa pikipiki siyapendi, kwa kuwa yana chembe za chuma na hukusanya vumbi, ingawa ni afadhali kuliko mnyororo mkavu. Fundi anayeyashika kutwa avae glavu au anawe kwa sabuni, wala asiyafute kwenye suruali atakayoshinda nayo, kwani mafuta ya moteri yaliyotumika yakikaa kwenye ngozi miaka mingi yanaweza kuleta saratani. Anayekuja kuyanunua akiwa pia anatafuta mabidoni safi yenye lebo, usimuuzie.